Bathsheba Gesare na Wenye Vyeti wa Keroka

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu na jiko. Kama kuna maharagwe motoni yaangalieni, lakini sikio moja liwe hapa.

Leo tunamkumbuka mama mmoja. Jina lake Bathsheba Gesare. Narudia: Bathsheba Gesare, mke wa Mzee Walter Ratemo, kutoka kilima kile cha nyuma ya Keroka, mahali ambapo siku hizi mpaka wa Kisii na Nyamira unapita katikati ya mashamba ya watu bila hata kupiga hodi. Mama Gesare amefariki akiwa na miaka sabini na sita. Amezikwa Jumapili iliyopita, juu kidogo ya chai yake.

Nilipofika nyumbani kwao kuwapa pole, binti yake wa kwanza, Drusilla, alinishika mkono akaniambia, "Usituletee kipindi cha kulia. Mama alikuwa anacheka hadi kanisani. Baba alikuwa anamkanyaga mguu ili anyamaze."

Basi, wasikilizaji, kama utasikia nimecheka katikati ya matanga, ni ruhusa ya familia hiyo.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka ni 1971. Gesare ana miaka ishirini na miwili. Ameolewa miaka miwili sasa. Ana mtoto mmoja mgongoni, huyo Drusilla. Na ana mume, Walter. Mume mzuri, mrefu, mpole, amesoma hadi kidato cha nne. Cheti anacho, kimefungwa ndani ya karatasi ya nailoni ili mvua isikiguse.

Shida ni moja. Walter hafanyi kazi.

Na si kwamba ni mgonjwa. Walter alimaliza shule mwaka 1966, na tangu siku hiyo alikuwa anangoja barua. Miaka mitano anangoja barua. Kila asubuhi anapiga suruali pasi ya makaa, anafuta viatu kwa jani la mgomba, anaweka kalamu mfukoni, anashuka Keroka. Pale Keroka kulikuwa na fundi wa nguo, na nje ya duka la fundi kulikuwa na benchi. Benchi lilikuwa la wateja wa fundi. Lakini wateja walikuwa wanapimwa wamesimama, kwa sababu benchi lilikuwa limejaa wenye vyeti.

Walikuwa tisa. Wanaume tisa, wenye nguvu, wenye meno yote. Saa nne basi la Kisii linaleta mfuko wa posta. Wanasimama, wanajipanguza, wanaenda kuuliza. Barua hakuna. Wanarudi benchini, wanapiga soga za mpira na siasa hadi saa kumi, halafu kila mtu anaenda kula kwa mama yake. Au kwa mke wake, kama Walter.

Ukimuuliza mmoja wao, "Unafanya nini siku hizi?" anakujibu, "Natafuta kazi." Alikuwa anaitafuta ameketi.

Nilimuuliza Mzee Walter mwenyewe juzi, "Mzee, mlikuwa hamwoni aibu?" Akanitazama, akasema, "Kijana, aibu ilikuwa kushika jembe. Baba aliuza ng'ombe watatu nisome. Mtu akiniona na jembe, atasema nini? Atasema ng'ombe watatu wamekufa bure."

Shikilia hapo, msikilizaji. Si uvivu peke yake. Watu wazima waliogopa kuonekana wamerudi pale walipotoka. Na wakati huo huo, wake zao na mama zao walikuwa shambani tangu umande, migongo imepinda.

Sasa sikiliza Gesare alikuwa anataka nini.

Gesare alikuwa anataka chai. Si ya kunywa. Ya kupanda. Miaka hiyo chai ndiyo ilikuwa inaingia kwenye vilima vyetu, na kila mwenye akili alikuwa anatafuta miche. Gesare alimsumbua baba mkwe wake, Mzee Ratemo, kwa kupitia mama mkwe, maana mnajua kwetu mke wa mtoto haongei hivi hivi na baba mkwe. Heshima ni heshima. Alimsumbua mwaka mzima. Mwishoni mzee akakubali kumpa kipande kimoja cha juu. Lakini akaweka sharti. Akasema, "Miche ikifa, kipande kinarudi kwa kaka yake Walter, apande mahindi. Na sitaki kusikia tena habari ya chai."

Narudia sharti hilo, kwa sababu ndilo limebeba hadithi yote: miche ikifa, shamba limekwenda.

Gesare akachimba mashimo. Peke yake, na mtoto mgongoni. Mashimo elfu moja na mia tano, miezi miwili. Halafu Jumanne moja ya mwezi wa nne akaletewa habari: miche yako inakuja Alhamisi jioni. Na afisa wa chai anapita Jumatatu kuona kama imepandwa.

Hesabu na mimi. Alhamisi jioni miche imefika. Ijumaa jua likizama, Sabato imeingia, na nyumba ya Mzee Ratemo ni Waadventista wa kukaza kamba. Jumamosi hakuna mtu anagusa udongo. Jumapili miche imeshanyauka. Kwa hiyo Gesare alikuwa na siku moja. Ijumaa, asubuhi hadi machweo. Siku moja, miche elfu moja na mia tano.

Jumatano akakimbia kwa wanawake wenzake wa egesangio. Wasiojua, egesangio ni kile kikundi cha majirani cha kulimiana: leo kwako, kesho kwangu, kila mtu na zamu yake. Aliyekuwa na zamu Ijumaa hiyo alikuwa mama anaitwa Nyangate, wa ng'ambo ya kijito. Zamu ya Gesare ilikuwa wiki mbili mbele.

Nyangate akamsikitikia, lakini akamwambia, "Mke wa Walter, tukiruka zamu yangu kwa ajili yako, keshokutwa kuna mwingine atalia turuke ya mtu mwingine. Kikundi kitakufa. Mambo ya kwako yana dawa kwako. Wewe si una mwanamume?"

Gesare akarudi nyumbani. Akamngoja Walter amalize kula.

"Baba Drusilla, Ijumaa tupande chai."

"Ijumaa?" Walter akashtuka. "Ijumaa basi huleta barua nyingi. Barua ikija nisipokuwepo je?"

"Si itangoja Jumatatu? Wewe umeingoja miaka mitano."

Walter akaomba maji ya kunawa.

Sasa, wasikilizaji, hapo ndipo mtu mwingine angelia. Drusilla anasema mama yake alitoka nje, akakaa karibu na kibanda cha mbuzi, akafikiri, halafu akaanza kucheka peke yake. Mama mkwe wake, bibi anaitwa Mong'ina, akatoka kuangalia kama mkaza mwana amepatwa na wazimu. Gesare akamnong'oneza jambo. Mong'ina naye akaanza kucheka. Mbuzi wakashangaa.

Alhamisi asubuhi Gesare alivaa nguo ya Sabato, akashuka Keroka. Akangoja Walter aende tena posta, peke yake, kuuliza barua yake. Halafu akasimama mbele ya benchi. Wanane walikuwa wamekaa.

"Shemeji zangu, hamjambo."

"Hatujambo, shemeji. Umetuletea ndizi?"

"Nimewaletea habari. Kesho saa moja asubuhi kuna kazi nyumbani kwetu."

Mmoja wao, Nehemiah mwana wa Machogu, ndiye alikuwa na ulimi mwepesi, akauliza, "Kazi ya kuandikwa?"

"Kuna afisa anakuja," Gesare akasema.

"Tuje na vyeti?"

"Shemeji, mimi sijasoma sana. Mtu akiwa na cheti chake, mimi nimkataze?"

Akaondoka. Wasikilizaji, pima mwenyewe. Afisa alikuwa anakuja kweli, Jumatatu. Kazi ilikuwepo kweli. Uongo hakusema. Ukweli wote pia hakusema.

Walter aliporudi kutoka posta alikuta wenzake wamemkasirikia. "Wewe Walter, kwenu kunakuja afisa na umetuficha!" Walter hakujua lolote. Lakini mwanaume hataki kuonekana hajui mambo ya nyumbani kwake. Akatikisa kichwa pole pole, akasema, "Nilikuwa nataka kuhakikisha kwanza."

Ijumaa saa moja kasoro walifika. Wamevaa tai! Mmoja alikuwa ameazima koti la mwalimu mkuu, mikono inamfika hapa kwenye vidole. Walter naye amevaa shati jeupe. Wakakaribishwa uani, wakakalishwa kwenye viti. Mong'ina akaleta maji ya kunawa. Halafu chakula kikaanza kuja. Ugali wa wimbi. Kuku wawili. Chinsaga, ile mboga yetu chungu, iliyolala kwenye maziwa. Maziwa lala kwenye vibuyu. Vijana wakatazamana, wakasema hii ofisi ni nzuri. Wakala. Wakala hadi sahani zikang'aa.

Mong'ina akauliza kwa sauti ya upole, "Wanangu, mmeshiba?"

"Tumeshiba, mama. Mungu akubariki."

"Basi majembe yako pale ukutani. Hicho kilikuwa chakula cha egesangio."

Wasikilizaji wapendwa, wale ambao hamkulelewa kilima kile, ngoja niwaeleze kwa nini hapo vibuyu viliwekwa chini haraka. Pale kwao, chakula cha egesangio si cha mgeni. Ukikila, umeshika jembe. Ukikila ukaenda zako, wanawake wanakuweka kwenye wimbo. Wanakuimba kwa jina lako na jina la baba yako, shamba hadi shamba, mpaka mavuno. Na mtu mwenye akili hali chakula kile kabla ya kuuliza ni cha nini. Lakini hawa walikuwa na tai. Tai ilikuwa imewasahaulisha kuuliza.

Na ng'ambo ya kijito, kwa Nyangate, wanawake walikuwa wameshaanza kuimba. Sauti inakuja safi kabisa.

Mong'ina akaweka mkono mdomoni kama mtu anayetaka kuita. "Niwape majina wenzangu huko? Nianze na nani?"

"Mama, ngoja!" Nehemiah alikuwa wa kwanza kufungua tai. "Ngoja kwanza, tusiharakishe mambo."

Mwenye koti la mwalimu mkuu akalivua, akalikunja kama mtoto mchanga. Mmoja baada ya mwingine, wakainuka. Wanane.

Walter akabaki amekaa.

Hapo ndipo Mzee Walter, akinisimulia juzi, sauti yake ilibadilika. Anasema, "Nilimwangalia mke wangu. Nilidhani atanibembeleza, au atanitukana. Hakufanya hata moja. Alifunga mtoto mgongoni, akachukua miche mikononi, akaenda kuanza. Hakugeuka. Nikaona mgongo wake, na mtoto, na mashimo yale yote. Mashimo elfu moja na mia tano. Nikajiuliza, hivi yalichimbwa lini? Mimi nilikuwa wapi?"

Akainuka, akamfuata. Lakini mwanaume hashindwi kabisa, lazima aseme neno. Akasema, "Shati hili ni la mahojiano."

Gesare akamjibu bila kuinua kichwa, "Litafuliwa Jumapili."

Walter akavua shati.

Na kazi ikaanza, wasikilizaji! Kwanza walikuwa kama ng'ombe aliyefungwa jembe siku ya kwanza, kila mtu anavuta upande wake. Nehemiah akasema mistari imepinda, inamuumiza macho. Akaomba kamba. Akaanza kupima pembe, anaita namba kwa Kiingereza. Miaka mitano jiometri ya Nehemiah ilikuwa haina kazi, siku hiyo ikapata. Halafu wakagawana pande mbili, wakaanza kushindana. Wanapigana matani.

"Wewe, mche unapandwa na mizizi chini!"

"Nyamaza, wewe mwenyewe uliukalia!"

Mzee Ratemo alikuwa ameketi mbali kwenye kigoda, amegeuza kichwa upande mwingine. Lakini Mong'ina alikuwa akisimulia kwamba kigoda kilikuwa kinasogea. Kila akiangalia, mzee amekaribia kidogo.

Jua likaanza kushuka. Miche mia tatu imebaki. Mia mbili. Mia moja. Jua likagusa kilima, na miche arobaini bado imebaki. Nehemiah akasema, "Shemeji, tumalizie, ni dakika kumi tu."

Gesare akasema, "Hapana. Tuache."

"Arobaini itakufa!"

"Ikifa imekufa. Sitaiba siku ya Mungu kwa miche arobaini."

Wakaifunika kwa majani ya mgomba. Wakanawa. Mikono ya wenye vyeti ilikuwa na malengelenge, hata kushika kikombe hawawezi. Na Jumamosi, wakati wa mahubiri, mvua ikanyesha. Mvua ya kweli, ya kupiga bati mpaka mhubiri akanyamaza. Kanisa zima lilisikia mtu mmoja anacheka. Mguu wake ukakanyagwa.

Jumapili wakapanda ile arobaini. Jumatatu afisa akaja, akahesabu. Iliyokufa ilikuwa kumi na moja. Kumi na moja kati ya elfu moja na mia tano. Afisa akatembea kwenye mistari ile, akauliza, "Nani alipanga hivi?" Na Mzee Ratemo, yule aliyekuwa hataki kusikia habari ya chai, akajibu, "Ni watoto wangu."

Shamba likabaki kwa Gesare.

Walter anasema hakuongea na mke wake siku tatu. Ya nne alienda kuangalia miche kabla ya kunawa uso. Siku hiyo Keroka hakushuka.

Sasa ungedhani hadithi imeisha. Haijaisha. Kwa sababu egesangio ni leo kwako, kesho kwangu. Wanane walikuwa wamempa Gesare siku. Gesare alitakiwa kurudisha siku nane. Vijana wakamwambia, "Shemeji, acha tu. Sisi hatuna mashamba." Na ilikuwa kweli. Ardhi ilikuwa ya baba zao, na baba hampi ardhi mtoto anayengoja barua.

Gesare akasema, "Mimi sibaki na siku ya mtu."

Asubuhi moja akachukua jembe, akaenda nyumbani kwa Mzee Machogu, baba yake Nehemiah. Akaketi mbele ya mlango, jembe mapajani. Mama wa nyumba akatoka.

"Mke wa Walter, kwema?"

"Kwema, mama. Nimekuja kulipa siku ya Nehemiah. Nionyesheni shamba lake."

"Nehemiah hana shamba. Ana cheti."

"Sasa mama, nilime cheti?"

Na hapa, wasikilizaji, mwone ujanja wa mama huyu. Mzee Machogu alikuwa ndani. Ni wa rika moja na baba mkwe wake, kwa hiyo naye kwa Gesare ni baba mkwe. Na baba mkwe hapishani mlangoni na mke wa mtoto. Hawezi kutoka! Siku hiyo ilikuwa siku ya soko, mzee ana ng'ombe wa kuuza Keroka. Saa mbili, yuko ndani. Saa tatu, yuko ndani. Anakohoa. Anamwita mkewe dirishani.

"Ameenda?"

"Bado. Anasema anangoja kuonyeshwa."

"Mwambie arudi kesho!"

"Anasema kesho pia yupo."

Saa nne na nusu sauti ikatoka ndani, kubwa, kijiji kizima kikasikia: "Mpeni Nehemiah kile kipande cha juu, mpaka kwenye mti wa mlingoti! Na huyo mwanamke alime aende kwao!"

Gesare akainuka, akasema ahsante kwa heshima zote, akalima hadi jioni. Nehemiah pembeni yake.

Baada ya hapo wazee wengine hawakungoja kufungiwa. Watano kati ya wale wanane walipata vipande. Wawili baba zao hawakuwa na ardhi ya kugawa, huo ndio ukweli, na Gesare hakuwaketia mlangoni. Hao walianza kununua ndizi Ogembo na kuzileta Keroka, na siku zao aliwalipa kwa kubeba mikungu. Mmoja alipata barua kweli, akaenda kuwa karani Kisumu, na tunamheshimu pia. Fundi wa nguo, benchi lake likiwa tupu hatimaye, alichinja jogoo.

Na Walter? Barua yake ilifika mwaka 1973. Walikuwa wanachuma majani ya kwanza kwanza. Akaifungua, akawasomea wachumaji kwa sauti: ombi lako limepokelewa na limewekwa kwenye faili. Mzee anasema alicheka mpaka akaketi chini.

Nimalizie na siku moja tu. Mwaka 1978, mchana. Kulikuwa na karani anazunguka na fomu, anauliza kila nyumba nani anafanya kazi na nani hafanyi. Akawakuta Walter na Gesare katikati ya chai. Gesare ana kikapu mgongoni kimejaa hadi juu. Watoto wanne tayari, shule zote zinalipwa na majani yale.

Karani akauliza, "Mzee, kazi yako?" Halafu, kabla hajajibiwa, akamgeukia Gesare huku anaandika. "Mama yuko nyumbani tu, sivyo?"

Na Gesare mwenyewe, wasikilizaji, Gesare huyu huyu, akasema, "Eeh, andika hivyo. Mimi sifanyi kazi."

Walter akaweka kikapu chini. "Futa."

"Mzee?"

"Futa hapo. Andika mwenye kazi ni Bathsheba Gesare. Mimi niandike kibarua wake."

Karani akageuza fomu huku na huku. "Mzee, hapa hakuna mahali pa kibarua wa mke."

"Basi andika pembeni. Nafasi ipo."

Drusilla alikuwa na miaka minane, alikuwepo. Anasema mama yake alicheka hadi kikapu kikamwagika, na karani akaweka kalamu sikioni akawasaidia kuokota majani.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki, tunampa pole Mzee Walter Ratemo. Tunampa pole Drusilla na ndugu zake wote watano, wajukuu, na majirani wa kilima kile. Mungu awape nguvu, na kicheko msikizuie.

Nasi tuliobaki tujiulize jambo moja. Yule mtu nyumbani kwako ambaye watu wakiuliza unasema, "Huyo hafanyi kazi, yuko tu," hebu kesho asubuhi amka mapema umtafute alipo. Na ukimkuta shambani, usimwite atoke. Ingia.